Dari ya Banda Lako la Uani

Kijana, umejenga banda lako uani. Kuta zimesimama, bati liko juu, kitanda na meza ya kusomea vimeingia. Kwenu mnaliita geto. Saa nane mchana hapakaliki humo ndani, na usiku mbu wanakuimbia masikioni. Rafiki yako anakwambia, "Piga silingi bodi tu, mambo yatakuwa safi." Ni kweli, dari inasaidia. Lakini dari ya kitu gani?

Tuanze na mbu, maana wengi wetu tunafikiria joto tu. Tazama ule uwazi kati ya ukuta na bati. Mbu aenezaye malaria akifuata harufu yako na kugonga ukuta, hupanda juu, kisha hupita hapo. Dari iliyobana vizuri pembeni inamkatia njia. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika nchini Gambia katika vibanda vya majaribio. Dari ya plaiwudi ilipunguza mbu hao kwa asilimia 59, lakini dari ya wavu ilipunguza kwa karibu asilimia 80! Kwa hiyo kama mfuko ni mwembamba, nunua wavu wa madirishani, uuvute vizuri, uupige misumari kuzunguka ukuta wote. Usichukue chandarua cha kitandani kwa kazi hiyo. Hicho endelea kulalia.

Wavu una upungufu mmoja: hauzuii joto sawasawa. Bati lililopigwa na jua humwaga joto chini, na ubao ndio unaokukinga. Ukiweka ubao, usiugandamize kwenye bati. Uweke usawa wa juu ya ukuta, na ule uwazi ubaki juu ya dari ili hewa ya moto itoke.

Sasa piga hesabu. Banda la futi 10 kwa 10 lina futi za mraba 100. Ubao wa futi 4 kwa 8 una 32. Mbao tatu ni 96, zinapungua futi 4 tu, na hapo ndipo wengi wanapoziba kona kwa gunia au boksi. Mbu anaijua kona hiyo. Nunua wa nne, au kona hiyo izibe kwa wavu.

Jipsamu ni nzuri kwa moto, kwani ndani yake mna maji yaliyofungika ambayo hugeuka mvuke inapoungua. Lakini bati likivuja inalegea, inaota kuvu, na mwenye pumu atateseka. Ziba matundu ya bati kwanza. Plaiwudi inavumilia zaidi, ila inaungua.

Kuna vitu viwili ambavyo mimi sikubali kabisa. Cha kwanza ni ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni kwenye makasha. Ni ya bure, inazuia joto, inapendeza. Lakini kibatari kikiigusa inawaka upesi, inadondosha matone ya moto kitandani, na moshi wake mweusi unaweza kukuzimisha kabla hujaupata mlango.

Cha pili ni vipande vya dari au mapaa ya zamani vinavyookotwa majengo yakibomolewa. Vingine vina asibesto. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, lakini vilivyopigiliwa kabla ya hapo bado vipo kwenye majengo mengi. Ukivikata au kuvitoboa, nyuzi ndogo zisizoonekana huingia mapafuni na kubaki humo. Saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Kwa macho huwezi kutofautisha, hata fundi wako hawezi. Ukiwa na shaka, usiviguse, usivivunje.

Ukishafunga dari, kumbuka jambo moja ambalo halisemwi dukani. Zamani moshi wa jiko la mkaa ulitokea kwenye ule uwazi wa juu. Sasa hautoki. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Unasikia kichwa kinauma, unadhani ni uchovu, unalala. Jamani, jiko lisiingie humo kamwe, hata iwe baridi ya Juni. Na dirisha lenye wavu libaki wazi usiku.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Pigilia fremu ya mbao za mbili kwa mbili chini ya kenchi, kata ubao nje ya banda, funga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Kwenye kona moja acha kijimlango cha kufunika, kinachotosha kichwa na tochi. Panya watahamia huko juu kabla ya wewe kumaliza kupaka rangi.