SOMO: Kuchagua Programu ya Kufuatilia Seva ya Ofisi Ndogo

Katika kamati zetu neno "ufuatiliaji" si geni. Kila mradi una viashiria vyake, na kila robo mwaka tunaulizana tumefika wapi. Lakini kuna kifaa ambacho ofisi nyingi hukinunua, hukiwasha, kisha hukisahau: seva. Ni kompyuta inayokaa kona ya ofisi ikitunza hesabu za duka, karo za wanafunzi, kumbukumbu za wagonjwa au vitabu vya SACCOS. Siku ikizima ndipo kila mtu anapokumbuka kwamba ipo. Somo hili linaeleza namna ya kuchagua programu ya kuiangalia usiku na mchana, na kutoa taarifa mapema.

1. Tujue kwanza tunataka kufuatilia nini

Kabla ya kutaja jina la programu yoyote, kamati iorodheshe viashiria vyake. Kwa ofisi ndogo tunapendekeza vitano:

- Nafasi ya diski. Diski ikijaa, programu ya hesabu hushindwa kuandika, hata kama kompyuta yenyewe bado inawaka.
- Afya ya diski. Diski nyingi hutoa dalili kabla ya kufa. Programu huria ya smartmontools husoma dalili hizo ndani ya diski yenyewe.
- Joto. Vumbi na feni iliyochoka hupunguza maisha ya mashine.
- Nakala za akiba. Je, nakala ya jana usiku ilifanyika, na ina ukubwa unaotarajiwa?
- Umeme. Programu ya NUT huwasiliana na UPS, na huizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

2. Programu zilizopo

Zote tunazozitaja hapa hupatikana bila kulipia leseni.

Monit ni ndogo na nyepesi. Huangalia mashine ileile ilimowekwa, na huduma ikianguka inaweza kuiwasha tena yenyewe.

Uptime Kuma, iliyotoka mwaka 2021, ni rahisi kuweka na kuelewa. Huuliza kila baada ya muda mfupi kama huduma inajibu, kisha hutuma taarifa kwa barua pepe, Telegram na njia nyingine nyingi. Peke yake haioni hali ya diski ndani ya seva.

Netdata hukusanya vipimo kila sekunde na kuvionyesha kwa michoro. Inafaa sana pale watumishi wanapolalamika kwamba "mtandao ni mzito" na hakuna anayejua sababu.

Nagios ilianza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint. Ni imara, lakini mipangilio yake huandikwa kwa mkono katika mafaili, kazi inayohitaji mtu mwenye uzoefu.

Zabbix, kutoka Latvia, huangalia seva, printa na vifaa vya mtandao kwa pamoja. Inahitaji hifadhidata yake na mtaalamu wa kuitunza. Nywila yake ya kuanzia imeandikwa katika mwongozo ambao kila mtu anaweza kuusoma, kwa hiyo ibadilishwe siku ileile.

Prometheus ilianzishwa mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud, kwa ajili ya mashine nyingi. Ofisi yenye seva moja haina sababu ya kuanzia hapo.

3. Mlinzi asiwe ndani tu

Hapa ndipo ofisi nyingi hukwama. Programu iliyowekwa ndani ya seva haiwezi kutuambia kwamba seva imezima, maana imezima nayo. Vilevile, intaneti ya ofisi ikikatika, taarifa haitoki. Kwa hiyo tunahitaji jicho la pili lililo mahali pengine, kwa mfano katika ofisi nyingine au kwenye seva ndogo ya kukodi.

Njia nyepesi ni hii: seva ya ofisini inatuma ishara nje kila baada ya dakika 5. Ishara isipofika, programu iliyo nje inatoa taarifa. Uptime Kuma ina uwezo huo. Hivyo ukimya wenyewe unakuwa habari.

4. Taarifa chache, mtu mmoja

Programu inayotuma ujumbe 40 kwa siku haisomwi na mtu baada ya wiki moja. Ni afadhali kuweka onyo diski inapofika asilimia 80 na taarifa ya dharura inapofika 90, basi. Kila taarifa iwe na mtu wa kuipokea, msaidizi wake, na hatua iliyoandikwa ya kuchukua. Na mara moja kwa mwezi tufanye jaribio kwa kusimamisha kwa makusudi huduma isiyo ya lazima, tuone kama simu italia.

5. Gharama

Leseni ya bure haimaanishi kazi ya bure. Kuna siku za fundi, mafunzo ya mtumishi, umeme na intaneti. Tunawaomba wafadhili wanaotoa seva wakumbuke kifungu cha matunzo katika bajeti, na kamati zisione haya kukiomba. Diski mpya iliyonunuliwa kwa wakati ni nafuu kuliko kuandika upya daftari za mwaka mzima.

Ushauri wetu

Kwa ofisi yenye seva moja na fundi anayekuja mara chache, Monit ndani na Uptime Kuma nje zinatosha. Vifaa vikizidi kumi na fundi akiwa wa kudumu, Zabbix ifikiriwe.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Seva yetu ikizima leo usiku, nani atajua, na saa ngapi?
2. Nakala ya akiba ilijaribiwa kurejeshwa lini mara ya mwisho?
3. Fundi wetu akihama, nani mwingine anajua nywila na mipangilio?