Kidonge cha Chokaa: Dawa ya Mifupa, Dawa ya Kiungulia, na Namna ya Kukitumia

Mtumikaji, na wewe mama wa nyumba, angalieni kidogo ndani ya kabati lenu. Pengine mtakuta kopo la vidonge vyeupe vya kutafuna, vyenye harufu ya mnanaa au machungwa. Baba anaviita «dawa ya tumbo», naye huvitafuna anaporudi kutoka posti ya usiku, wakati kifua kinawaka. Pengine nyanya naye ana kopo lake, ambalo anaita «dawa ya mifupa». Sasa someni maandishi madogo juu ya makopo hayo mawili. Mara nyingi mtakuta maneno yaleyale ya Kifaransa: carbonate de calcium. Ni dawa moja yenye majina mawili, na watu wawili wanaila katika nyumba moja bila kujua.

Dawa hiyo ni kitu gani? Ninyi watu wa migodi mnaijua kuliko wengine. Karbonati ya kalsiumu ni jiwe la chokaa. Wazee waliofanya kazi Likasi wanayajua mawe ya Kakontwe, na wale wa Lubudi wanayajua mawe ya kutengenezea simenti. Kidonge cha farmasi kimesafishwa sana na kupimwa vizuri, lakini asili yake ni hiyohiyo. Na kazi yake tumboni mmekwisha kuiona kiwandani: asidi inayoyeyusha shaba na kobalti ikizidi, hutulizwa kwa chokaa. Vivyo hivyo tumbo lina asidi yake ya kusaga chakula. Asidi hiyo ikipanda juu katika koo la chakula inachoma, na hicho ndicho kiungulia. Kidonge cha chokaa kikikutana nayo, asidi inatulia, na hewa inatoka. Kwa sababu hiyo mtu hucheua baada ya kukitafuna. Asione haya, ni kazi ya dawa.

Mpaka hapa hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale mtu anapofikiri kwamba kitu kinachouzwa bila karatasi ya munganga kinaweza kuliwa bila hesabu.

Tufanye hesabu

Mwili wa mtu mzima una kalsiumu karibu kilo moja, na sehemu 99 kwa 100 ziko ndani ya mifupa na meno. Hiyo sehemu moja iliyobaki inatembea katika damu na nyama, nayo ndiyo inayosaidia moyo kupiga na misuli kujikunja. Chakula kikikosa kalsiumu, mwili hauachi damu ikose; unaenda kuchimba ndani ya mifupa. Miaka mingi ikipita namna hiyo, mfupa unakuwa kama nguzo iliyoliwa na mchwa.

Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1,000 za kalsiumu kila siku, na mama aliyepita miaka 50 karibu 1,200. Hesabu hii inaunganisha chakula na vidonge. Tena kuna mpaka wa juu: miligramu 2,500 kwa siku kwa mtu mzima mpaka miaka 50, na 2,000 baada ya hapo.

Usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa juu ya kopo. Katika karbonati, kalsiumu yenyewe ni sehemu 40 tu kwa 100. Kidonge cha karbonati miligramu 1,250 kinakupa kalsiumu miligramu 500. Kidonge cha kutafuna cha miligramu 500 kinakupa 200. Basi baba anayetafuna vidonge 10 vya namna hiyo tangu jioni mpaka asubuhi amekwisha kula miligramu 2,000, bila kuhesabu maziwa na samaki. Akiwa na miaka 52, yuko tayari juu ya mpaka.

Ukipewa kalsiumu kwa ajili ya mifupa, kula kidonge pamoja na chakula, kwa maana karbonati inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Usimeze miligramu zaidi ya 500 za kalsiumu kwa mara moja. Tumbo halipokei zote. Ni kama kumwaga lori mbili katika funeli ya lori moja. Gawanya: kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Kidonge hakishindi sahani

Bukari ya mahindi peke yake ina kalsiumu kidogo sana, nasi tunaila kila siku. Lakini mboga na samaki vinaweza kuiokoa sahani. Ndakala na fretini, ukiwala pamoja na mifupa yao, ni kalsiumu safi. Huko Nigeria, waganga waliwatibu watoto wenye matege yaliyotokana na kukosa kalsiumu. Mwaka 1999 walionyesha kwamba kalsiumu iliwasaidia watoto hao kuliko vitamini D peke yake. Baadaye wakajaribu pia samaki wakavu waliosagwa na mifupa yao, na unga wa jiwe la chokaa, wakaona vyote viwili vinaponyesha. Mama, ndakala ile unayoidharau kwa kuwa ni ya bei ndogo, isage uitie katika uji wa mtoto. Glasi moja ya maziwa nayo inatoa karibu miligramu 300. Lengalenga ni mboga nzuri kwa mambo mengi, lakini ina kitu ndani yake kinachoshika kalsiumu isiingie vizuri mwilini. Usiihesabie sana upande huo.

Kalsiumu haiingii vizuri bila vitamini D, ambayo ngozi inaitengeneza kwa jua. Hapa wale wanaoshuka chini ya udongo wana shida ambayo mkulima hana: wanaingia asubuhi na kutoka wakati jua linashuka. Siku ya mapumziko usiimalize yote ndani ya nyumba.

Na je, vidonge vinazuia mfupa kuvunjika? Tuseme ukweli. Mwaka 2006 ulitoka Marekani utafiti wa wanawake zaidi ya 36,000 wenye miaka 50 na zaidi. Nusu yao walipewa kila siku kalsiumu miligramu 1,000 pamoja na vitamini D, kwa miaka karibu saba. Mifupa ya nyonga iliongezeka ugumu kidogo, lakini haikuonekana wazi kwamba ilivunjika mara chache zaidi. Kilichoonekana wazi ni mawe katika figo: yaliongezeka kwa sehemu 17 kwa 100. Kwa hiyo kidonge ni cha mtu ambaye munganga ameona kwamba chakula chake hakitoshi, au mifupa yake imekwisha kulegea. Mtu mwenye nguvu asiyekosa samaki hana sababu ya kukinunua. Na mtumikaji anayetoka jasho katika joto la galeri, ambaye mkojo wake ni wa rangi nzito, anywe maji kwanza, kwa kuwa figo kavu ndiyo shamba la mawe.

Jambo moja kwa akina dada. Vidonge vya deksametazoni, ambavyo wengine hununua sokoni ili wanenepe, vinakula mifupa vikitumiwa kwa muda mrefu. Hakuna kalsiumu itakayojaza shimo hilo wakati mwenyewe anaendelea kulichimba.

Moto wa kifua

Watumikaji wa posti ya usiku wanasumbuliwa zaidi, na sababu iko wazi. Mtu anatoka kazini saa moja asubuhi, anakula bukari tumbo linajaa, analala palepale. Chakula na asidi vinarudi juu. Ukiweza, acha saa tatu zipite kati ya chakula kikubwa na kitanda. Kula kidogo ukitoka, na chakula kikubwa uamkapo. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 mpaka 20. Mto wa pili hautoshi, unakunja shingo tu. Legeza mkanda. Tumbako, lutuku na pilipili nyingi vinaongeza moto. Kila mmoja anajua adui yake.

Kidonge cha kutafuna kinafaa kwa kiungulia cha mara moja moja. Lakini ukiwa umekitumia kila siku kwa wiki mbili, na moto bado uko palepale, simama. Pengine una kidonda cha tumbo. Zamani watu walisema vidonda hivyo vinatokana na mawazo mengi na pilipili. Mwaka 1982, waganga wawili wa mji wa Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua mikrobi inayoishi tumboni na kuleta vidonda. Mwaka 2005 walipewa zawadi ya Nobel. Kidonda cha namna hiyo kinaponyeshwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Chokaa inatuliza maumivu tu, na kidonda kinabaki kikichimba. Sababu nyingine kubwa ya vidonda ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi wetu tunakula kwa ajili ya mgongo. Anayekula diklofenaki kwa mgongo, halafu chokaa kwa tumbo, amwambie munganga habari zote mbili.

Usingoje hata siku moja ukiona haya: choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni, au kukonda bila sababu. Na maumivu ya kifua yanayobana kama chuma, yakienda mkononi au katika taya, pamoja na jasho baridi na pumzi fupi, huenda ni moyo. Usikae ukitafuna vidonge kungoja yapite. Mwambie kapita wako upesi, upelekwe hospitali. Wewe rafiki yake unayeona hivyo, usimwache atembee peke yake kwenda kutafuta gari.

Chokaa ikizidi katika damu

Mwaka 1915, huko Chicago, munganga Bertram Sippy alitangaza namna yake ya kutibu vidonda vya tumbo: maziwa kila saa, na unga wa kutuliza asidi katikati. Maumivu yalipungua kwa wengi. Lakini mwaka 1923 waganga wengine waliandika habari za wagonjwa waliolishwa sumu na matibabu hayo: walitapika, walichanganyikiwa, figo zao zikaharibika. Dawa mpya za asidi zilipokuja katika miaka ya 1970, ugonjwa huo ukawa kama umesahauliwa. Halafu ukarudi, safari hii kwa watu wanaokula kalsiumu nyingi kwa ajili ya mifupa.

Dalili zake ni kiu, kukojoa mara nyingi, choo kigumu, kichefuchefu, uchovu na mawazo kuvurugika. Na hapa ndipo mtego ulipo. Mtu wa mgodi akisikia kiu na uchovu anasema ni joto la kazi. Akisikia kichefuchefu anasema ni tumbo, anaongeza vidonge viwili. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye figo mbovu, na kwa mwenye tansio anayekula dawa ya kukojoza inayoitwa hidroklorotiazidi, kwa maana dawa hiyo inazuia kalsiumu isitoke katika mkojo. Vidonge vinavyotoa povu ndani ya maji navyo huwa na chumvi ya sodiumu. Mwenye tansio aulize kwanza.

Dawa zisizopatana na chokaa

Kalsiumu inashika dawa nyingine tumboni na kuzizuia kuingia katika damu. Tuseme mtumikaji ana homa ya tumbo, amepewa siprofloksasini. Dawa inamchoma, basi anatafuna kidonge cha chokaa juu yake. Anafikiri amemeza dawa yake, kumbe sehemu kubwa inatoka chooni. Homa haishuki, na mikrobi inajifunza kuzoea dawa. Siprofloksasini imezwe saa mbili kabla ya kalsiumu, au saa sita baada yake. Doksisiklini na tetrasiklini pia zisikutane na kalsiumu. Dawa ya tezi la shingo iachane nayo kwa saa nne.

Anayekula dawa za ukimwi zenye dolutegraviri asikose kusikia hili: azimeze saa mbili kabla ya kalsiumu au saa sita baada yake; au vyote viwili pamoja, lakini wakati wa chakula. Kwa tumbo tupu visiende pamoja kamwe.

Mama mwenye mimba hupewa vidonge vya chuma kwa ajili ya damu, na pengine kalsiumu pia. Shirika la Afya Duniani linashauri kalsiumu kwa wenye mimba katika nchi ambako chakula kina kalsiumu kidogo, kwa sababu inapunguza hatari ya tansio ya mimba inayoleta degedege na kifo. Utafiti uliofanywa India na Tanzania, ukatangazwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku zinaweza kukinga sawa na 1,500. Mama asijipimie mwenyewe. Afuate kipimo cha maternite. Chuma na kalsiumu visimezwe saa moja: chuma asubuhi, kalsiumu pamoja na chakula cha jioni.

Na pemba, lile udongo jeupe la sokoni ambalo akina mama wenye mimba wanapenda? Hilo ni udongo wa mfinyanzi, si kalsiumu. Linashika chuma cha chakula na kuongeza upungufu wa damu, na katika nchi kadhaa vipimo vimekuta plombu ndani ya udongo wa namna hiyo. Katika eneo letu la madini, ambapo mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga, hatuna haja ya kuongeza madini mengine kwa mdomo.

Chokaa ya kiwandani au ya kupaka nyumba isionjwe hata kidogo. Imechomwa motoni na kugeuka kitu kingine: inachoma ulimi, koo na macho. Isiwekwe katika kopo la maziwa, wala karibu na unga. Mtoto akiilamba, mwoshe mdomo kwa maji mengi, usimtapishe, mpeleke dispansere mara moja pamoja na kopo lenyewe, ili munganga aone ni kitu gani alichokula.