Begi Mgongoni: Kutoka Stendi ya Moshi Hadi Pangani

Barua zinazouliza basi lipi lina televisheni kubwa nimeziweka pembeni. Anayetaka televisheni akae nyumbani. Hapa najibu zile zilizonikera au kunitia wasiwasi, nyingi zikitoka kwa vijana wa Moshi, Machame na Marangu wanaotaka kuteremka hadi baharini kwa mabasi, wakilala njiani, bila gari la kukodi. Njia ni ileile ya kila siku: Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera. Pale Segera unaiacha barabara ya Dar es Salaam na kukata kushoto kwenda Muheza, Tanga, kisha Pangani.

Mzee, tusafiri usiku ili tuokoe hela ya gesti?

Mchana. Serikali iliruhusu mabasi kutembea usiku mwaka 2023, lakini haikuiamuru milima ionekane gizani.

Tukae upande gani wa basi? (Mmeuliza wengi, nawajibu pamoja.)

Kushoto, upande wa mlango. Kilimanjaro iko kushoto kwako mpaka Himo, halafu Upare unakuja kushoto, halafu Usambara, kushoto vilevile. Kulia ni tambarare na mashamba ya mkonge. Asubuhi jua litakupiga usoni, vumilia. Baada ya saa sita linahamia kwa wenzako wa upande wa dereva.

Wapo wanaong'ang'ania kiti cha nyuma ya dereva eti ajali ikitokea dereva huukwepesha upande wake. Jamani. Fungeni mikanda, na dereva akikimbiza gari mwambieni apunguze mwendo, abiria wote kwa sauti moja. Hilo linasaidia kuliko kugombania siti.

Na anayesema atapanda kwanza Marangu ili auone mlima vizuri, ataona migomba. Mlima huonekana ukiwa mbali nao kidogo, alfajiri, kabla hewa yenye unyevu haijapanda mteremkoni na kugeuka mawingu. Chukua gari la kwanza.

Ni kweli kwamba pango la Amboni linatokea Moshi, na kuna mbwa aliyeingia kule akaibukia huku?

Swali hili halikosi kila likizo, na wapo wanaopanga safari nzima kwa ajili ya huyo mbwa. Hadithi husimuliwa hivi: Wazungu wawili waliingia pangoni Tanga na mbwa wao, wakapotelea humo, mbwa peke yake akaonekana karibu na Kilimanjaro. Wengine humtokezea Mombasa. Mbwa mwenyewe hana tarehe, wenye mbwa hawana majina, na tundu alilotokea hajawahi kulionyesha mtu.

Sasa tuyatazame mawe. Amboni ni mawe ya chokaa, yaliyojengeka chini ya bahari zama za Jurasiki. Maji ya mvua huokota hewa ya ukaa angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo kama wa limau, na chokaa huyeyuka taratibu mbele ya ukali huo. Ndivyo pango linavyochimbika. Ukiondoka ukanda wa pwani kuja bara, chokaa hiyo unaiacha nyuma. Usambara na Upare ni miamba mikongwe zaidi, iliyobanwa na kupikwa kwa joto kali chini ya ardhi. Maji hayaiyeyushi namna hiyo. Kilimanjaro nayo ni volkano, lava juu ya lava. Mbwa wetu angepaswa kutoboa aina zote hizo za miamba kwa zaidi ya kilomita 250, na hapo nimempigia mstari ulionyooka. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani na Uturuki waliyapima mapango hayo wakakuta yako kumi, na refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Hata kilomita moja halifiki.

Nendeni Amboni, panapendeza, ni kama kilomita nane kutoka Tanga mjini. Ingieni na mwongozaji, msikilizeni popo. Ila kijana wa pembeni akikuomba hela akuonyeshe njia ya Moshi, usimpe hata mia.

Kinachoniuma ni kwamba kitu kinachoanzia kwetu na kutokea baharini kweli kipo, na hakihitaji tochi. Maji ya Meru na ya pande za kusini na magharibi za Kilimanjaro hukusanywa na mto Kikuletwa. Ya upande wa mashariki, pamoja na ya Upare, yanapita Ziwa Jipe na kushuka na mto Ruvu. Mito hiyo miwili inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ni mto Pangani. Unateremka sambamba na barabara yako, upande wa kulia, unapita Korogwe, pale Hale unazungusha mitambo ya umeme, na unamwagika baharini kwenye mji uliobeba jina lake. Kijana wa Machame akisimama ukingoni Pangani anayatazama maji yaliyopita mfereji wa babu yake, halafu anauliza habari za mbwa!

Kona za Mombo hadi Lushoto hunitapisha. Ndani ya basi wanauza dawa. Inafaa?

Haifai. Mtu anayesimama katikati ya basi na chupa moja inayotibu meno, minyoo, mgongo na kutapika, na ambaye atashuka kituo kinachofuata, utamdai wapi? Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ipo, na maduka ya dawa yaliyosajiliwa yapo hapo Moshi mjini. Muulize mfamasia kabla ya safari, umweleze na dawa nyingine unazotumia. Gazeti wanalokwambia uliweke kifuani ili usitapike ni la kusoma, na lenyewe usilisome kwenye kona. Kaa mbele, tazama barabara, usipande ukiwa umeshiba sana wala njaa kabisa. Konda akisimamisha gari watu wachimbe dawa, shuka upate hewa hata kama huna haja. Kona zenyewe ni za kama saa moja tu, na ukifika Soni maporomoko yanakusubiri kando ya barabara.

Desemba nauli zinatukomesha. Tufanyeje?

Nauli za juu kabisa hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Dai tiketi ya mtandao yenye kiasi ulicholipa, na usimkabidhi mpiga debe fedha. Halafu tumieni akili. Kabla ya Krismasi Wachagga wote wanapanda kuja nyumbani, na mabasi yanateremka yakiwa nusu tupu. Baada ya Mwaka Mpya wanateremka, na mabasi yanapanda nusu tupu. Nyinyi nendeni kinyume chao. Bibi atanuna mkikosa kuchinja naye. Hilo mtalimaliza wenyewe.

Kabla ya kuondoka, naweza kupita geti la Marangu nipande kidogo bila mwongozaji?

Hapana.

Binti yangu wa miaka 22 anataka kwenda peke yake. Silali. (Mama wa Kiboriloni.)

Pole, mama. Usimkataze; mpangie saa. Kila kituo afike jua likiwa juu, kwa hiyo siku moja asivuke zaidi ya kipande kimoja: Moshi hadi Lushoto, Lushoto hadi Tanga, Tanga hadi Pangani. Gesti aipigie simu kabla ya kufika. Begi dogo lenye simu na fedha likae mapajani, kubwa liende kwenye buti na apewe namba yake. Pangani ni mji wa Waislamu wengi, avae kanga akipita mitaani, awaamkie wazee, na watakaomwangalia watakuwa wengi kuliko unavyodhani.

Sisi wa mlimani hatujui kuogelea. Bahari tuifanyeje?

Msioge kwenye mlango wa mto Pangani. Mkondo una nguvu, na mto wenyewe una mamba. Mkitaka kwenda Maziwe, ambalo zamani lilikuwa kisiwa chenye miti na sasa ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa, nendeni na nahodha anayejua saa za maji, na asiye na jaketi za kuokolea muacheni ufukweni. Miezi ya kusi bahari huchafuka. Kipindi cha kaskazi ni afadhali. Siku isiyofaa kwa mashua tembeeni mjini, mahali ambapo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga, Desemba 1889.

Kurudi ni lazima basi tena?

Si lazima. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019, na Korogwe inapita. Ni ya siku chache kwa wiki, na mvua kubwa zikiharibu reli husimama, kwa hiyo ulizeni ratiba kituoni Moshi kabla hamjaondoka, msije mkaiuliza Korogwe saa tano za usiku.