Mafuriko au Ukame? Jua Hatari ya Eneo Lako, Upange Pesa Mapema

Kenya ni moja, lakini mvua haitutendei sawa. Mwezi uleule familia ya Budalang'i inahama kwa sababu ya maji, ya Turkana inaweza kuwa inahama kutafuta maji. Kwa hivyo mpango wa pesa unaomfaa mmoja huenda usimfae mwingine. Hebu tuangalie ramani.

Kaskazini na mashariki: ukame

Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa ziko kati ya kaunti 23 kame na nusu kame. Kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na mifugo wengi wakafa. Ukame huja polepole, na kabla mifugo hawajafa, bei zao huanguka huku bei ya mahindi ikipanda. Anayengoja mpaka ng'ombe akonde anauza kwa hasara.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kila moja ya kaunti hizo: kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Ukisikia "tahadhari", huo ndio wakati wa kuuza mifugo wachache wakiwa bado na afya, na kuweka pesa kwa simu.

Mabondeni: mafuriko

Mto Nzoia hufurika Budalang'i, na Mto Tana hufurika Garissa na Garsen. Usidanganywe na anga safi! Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, maji yanaweza kuwafikia watu wa Garsen siku kadhaa baadaye, hata kama kwao hakujanyesha tone. Mijini, kama Nairobi, mambo ni ya haraka zaidi: mvua ya usiku mmoja inaweza kujaza nyumba za kando ya mto.

Milimani: maporomoko

Murang'a, Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet zina miteremko mikali. Udongo ukishiba maji, huachana na mlima. Pokot Magharibi walipoteza watu wengi usiku mmoja wa Novemba 2019. Hapa muda wa kujipanga ni mdogo sana.

Sasa, pesa zako zikaeje?

Jiulize: hatari ya kwetu hunipa miezi, siku, au dakika?

- *Miezi (ukame):* Weka akiba kidogokidogo, hata ukiifunga kwa muda. Hakikisha tu itafunguka kabla msimu mbaya haujaanza.
- *Siku (mito mikubwa):* Acha akiba ya dharura mahali unapoweza kuitoa siku hiyohiyo. Nauli ya kuhama na chakula cha wiki moja ni mwanzo mzuri. Toa kiasi kidogo mapema, kwa sababu wakala naye huhama, na anaweza kuishiwa na floti.
- *Dakika (maporomoko, mafuriko ya ghafla):* Usirudi ndani kutafuta pesa. Pesa ya godoroni itaenda na maji, lakini salio lako haliko ndani ya simu. Simu ikipotea, unarudishiwa laini kwa kitambulisho chako na salio unalipata. Kariri namba ya kitambulisho, na namba ya mtu mmoja wa kukutumia pesa.

Na kama una wazazi ushago, tazama ramani yao, si yako. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na fupi ni Oktoba hadi Desemba. Watumie cha kujiandaa kabla, maana mnara ukizima hata pesa nyingi haziwafikii.

La mwisho: majanga huleta matapeli. Ukipata ujumbe wa mchango au wa "msaada umetumwa kimakosa", angalia salio lako kwanza. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Kwa dharura piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo.