Kengele Ikilia, Waacheni Wakimbie

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mwanafunzi anayeshinda kwenye dawati atazipata wapi, kama mapumziko nayo yanakatwa? Wazazi na walimu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na wa mtaa wa Area 47, hapa Malawi, haya ni yenu.

1. Mapumziko yasiwe adhabu. Yule msumbufu anayebakizwa darasani kufuta ubao ndiye hasa anayehitaji kukimbia, na akishatoka jasho hurudi ametulia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema wazi mwaka 2013: mtoto asinyimwe mapumziko kwa kumwadhibu wala kwa kufidia masomo. Adhabu zipo nyingi, tafuteni nyingine.

2. Watoeni kwa zamu. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hivi, na leo wamepita 50,000. Kwa msongamano huo, mkiwatoa watoto wote pamoja, wadogo wataishia kubanwa ukutani. Waanze wao, wakubwa wafuate.

3. Msingoje vifaa. Mchezo wa fulaye unataka mpira wa plastiki zilizofungwa kwa kamba, chupa tupu na mchanga. Wawili wanarusha mpira, aliye katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa kiganja kwa kiganja: anainama, anachota, anaruka, anageuka. Mwili mzima unafanya kazi! Waliokulia Dar es Salaam wataiona ni rede ileile. Na mtoto aliyefika juzi kutoka Kivu, Kichewa hajui hata neno, anaingia kati na kucheza.

4. Wasichana wapewe uwanja. Mara nyingi wavulana wa soka wanauteka wote. Tengeni siku za netiboli. Hii ni nchi ya Mwawi Kumwenda, aliyefunga magoli hadi Australia na Uingereza.

5. Oktoba jua ni kali. Tafuteni kivuli, wekeni maji ya kunywa karibu, na okoteni vigae vya chupa kabla ya kengele, maana wengi wanacheza peku.

6. Wa Area 47, geti likifungwa na televisheni ikiwashwa, mtoto hatembei tena hadi kesho. Shule ikiwa karibu, acheni gari, mpelekeni kwa miguu. Jioni fungueni geti, acheze na wa jirani mpaka aitwe kuoga.