TAJA JINA LAKO KAMILI KABLA YA KUPEWA DAWA



Watu wengi hukasirika wanapoulizwa jina mara nyingi katika zahanati. Wa mapokezi ameuliza. Tabibu ameuliza. Anayetoa dawa naye anauliza. Wengine husema, "Mbona mnanijua? Sote ni wa kijiji kimoja!" Leo tujifunze sababu ya maswali hayo.

Jina moja, watu wawili

Tuseme watoto wawili wameletwa siku moja. Wote wanaitwa Neema. Wote wamepimwa damu na wana malaria. Neema wa kwanza ana kilo 12. Dawa yake ya mseto ni kidonge 1, kutwa mara 2, kwa siku 3. Neema wa pili ana kilo 20. Yeye hupewa vidonge 2 kila mara.

Muuguzi akiita "Neema!", akaitika mama mwingine, mtoto mmoja atapata dawa nyingi mno. Mwingine atapata pungufu, na ugonjwa hautaisha. Malaria huua watoto upesi.

Kwa hiyo jina moja halitoshi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mgonjwa atambuliwe kwa mambo yasiyopungua mawili, kama jina na tarehe ya kuzaliwa. Taja jina lako, la baba na la babu. Kisha taja umri na kitongoji chako. Namba ya kitanda haitoshi, maana wagonjwa huhamishwa vitanda.

Muuguzi hatakiwi kuuliza, "Wewe ndiye Neema?" Mgonjwa mwenye homa kali huweza kuitikia tu. Anatakiwa aulize, "Jina lako nani?"

Kwa nini muuguzi huandika?

Mgonjwa akilazwa, muuguzi huandika jina la mgonjwa, jina la dawa, kiasi chake, tarehe na saa. Huandika pia kama ni dawa ya kumeza au ya sindano. Kisha hutia sahihi.

Huandika mara tu baada ya kutoa dawa, siyo kabla. Akiandika kabla, halafu mgonjwa akakataa kumeza, karatasi itasema uongo. Asipoandika kabisa, muuguzi wa zamu ya usiku atafikiri dawa haijatolewa. Ataitoa tena. Hata parasetamoli inayouzwa madukani ikizidi huharibu ini.

Wewe ufanye nini?

1. Njoo na kadi au daftari lako la matibabu. Usitumie kadi ya ndugu yako. Kadi yake ina habari za mwili wake, siyo za mwili wako.

2. Kama penisilini au dawa nyingine iliwahi kukudhuru, sema kabla ya kupewa dawa.

3. Soma bahasha ya dawa kabla ya kuondoka. Je, jina ni lako? "1 x 3" maana yake ni kidonge 1, kutwa mara 3. Siyo vidonge 3 kwa pamoja.

4. Usipoelewa, uliza. Ukiona kosa, sema hapo hapo.

Sasa unajua kusoma. Usiweke bahasha mfukoni bila kuisoma.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini jina moja halitoshi?
2. Kuna hatari gani dawa isipoandikwa?
3. "2 x 3" maana yake nini? Kwa siku nzima ni vidonge vingapi?