Kufundisha Ufutaji wa Akaunti: Kazi Zinazosalia Mwenyewe Akiondoka

Mwalimu anapohamishwa kutoka shule moja ya Kilolo kwenda nyingine, hukabidhi funguo, vitabu na rejesta. Akaunti yake katika kompyuta ya ofisi ikifutwa siku hiyo hiyo, ni rahisi kuamini kwamba makabidhiano yamekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi ya kuwafundisha wanafunzi wa darasa la saba kwamba bado.

Tusianze na kompyuta. Tuanze na kengele. Mwalimu wa zamu amemwachia mlinzi karatasi: kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri agonge kengele, wanafunzi wakamwagilie kitalu cha misindano. Mwalimu akahamishwa, jina lake likakatwa katika orodha ya walimu. Je, karatasi ya mlinzi imekatwa na nani? Watoto wanaoijua baridi ya Juni ya nyanda hizi watalijibu swali hilo upesi kuliko tunavyotarajia.

Baada ya hapo mwalimu aeleze kwamba kompyuta yenye mfumo wa Linux inao mlinzi wa namna hiyo, aitwaye cron. Kila mtumiaji aweza kumwandikia kazi za kurudiwa kwa saa na siku. Yuko mwenziwe, at, apokeaye kazi ya mara moja tu. Tena iko foleni ya printa. Amri ya userdel hufuta jina katika orodha ya watumiaji, lakini yenyewe haiondoi kazi hizo, isipokuwa msimamizi awe ametaja programu ya kuziondoa katika faili la /etc/login.defs, penye neno USERDEL_CMD.

Hapa ndipo penye uzito wa somo, nasi twashauri pasipitwe mbio. Karatasi za cron hutunzwa kwa jina la mtumiaji. Jina lisipokuwapo, cron huiandika karatasi hiyo kuwa ni yatima na kuiacha bila kuitekeleza. Siku akisajiliwa mwalimu mwingine kwa jina lile lile, yatima huweza kupata mzazi na kazi za zamani zikaamka. Mafaili nayo hayafuati jina, hufuata namba. Katika mifumo mingi watumiaji wa kawaida huanzia 1000, na kwa kawaida mgeni hupewa namba inayofuata ile kubwa iliyopo. Basi akifutwa wa mwisho, mwenye 1004, mgeni atakayefuata hupewa 1004, pamoja na kila faili lililosahauliwa nje ya folda ya yule wa kwanza: mtihani wa muhula, pengine, au alama za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hailioni jambo hilo kuwa dogo.

Kwa zoezi, wanafunzi watatu wawe mlinzi, printa na rejesta. Wengine wampe kila mmoja karatasi zenye majina na namba zao. Mwanafunzi mmoja atoke nje, rejesta imfute, kisha aingie mwingine achukue namba yake. Darasa litafute ni karatasi zipi sasa zimekuwa zake. Zoezi hili halihitaji umeme, na kwa maoni yetu hufundisha zaidi ya kompyuta moja iliyozungukwa na watoto arobaini.

Pale penye kompyuta, utaratibu ufuatwe kwa mpangilio. Kwanza nenosiri lifungwe. Hilo humzuia mtu mlangoni, bali halizimi programu zilizokwisha kuanza. Kisha kazi zisomwe kwa crontab -l -u na jina la mhusika. Zisifutwe kabla ya kusomwa, kwani huenda mojawapo ndiyo inayonakili alama za shule nzima kila usiku, na hiyo yapasa kukabidhiwa mtu mwingine. Zilizobaki ziondolewe kwa crontab -r -u na jina lile lile. Kazi za at zitazamwe kwa atq, ziondolewe kwa atrm. Foleni ya printa isafishwe. Programu zake zinazoendelea zisimamishwe, maana userdel hukataa kumfuta mtu ambaye bado anazo. Ndipo akaunti ifutwe, na mwishoni find / -nouser itaonyesha mafaili yasiyo na mwenyewe.

Neno akaunti huwapeleka watoto wengi benki. Mwalimu alieleze kabla ya kipindi kuanza.